Mlango wa Chumba cha Kukunjia

Bi Pasi anatuacha tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha ufuaji cha hospitali hii. Ofisi imeniomba niandike mambo ya kufurahisha. Nitayaandika. Lakini nina hasira, na sitaipiga pasi ili ilale.

Alianza kwenye beseni, akisugua mashuka kwa mkono kabla mashine hazijaja. Akahamia kwenye pasi, jina likamganda, mwisho akawa msimamizi wetu. Siku moja alikuta meno ya bandia ndani ya foronya. Akayaweka kwenye bakuli, akayafunika kwa kitambaa, akapita wodi hadi wodi akiuliza kwa adabu zote: "Samahani, kuna aliyepotelewa na tabasamu?" Mwenyewe alikuwa babu mmoja aliyekataa kula, manesi wakidhani amenuna.

Mdogo wangu wa kike aliingia kazini hapa kwa sababu ya Bi Pasi. Alikuwa na usonji. Alikunja shuka pembe kwa pembe, hakupenda kuguswa, na salamu aliitikia akitazama viatu vyako. Hakuwa na shida na mtu, mpaka ofisi ilipofunga spika za muziki ili tuchangamke. Siku hiyo alijifunika shuka gubigubi akaingia chini ya meza. Wenzetu wakacheka, wakamwita Bi Harusi. Akasema muziki unammwagia rangi machoni, haoni hata pindo la shuka. Mkuu wa utawala alisimama mlangoni akasema: "Usonji tumeusikia. Sasa na rangi tena? Ugonjwa mmoja haumtoshi? Hilo ni deko tu."

Bi Pasi alizima spika kwa mkono wake. Kisha akainama chini ya meza na kusema jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mumewe: yeye naye sauti humjia na rangi tangu utotoni, ila kwake hupita pembeni kama nguo kwenye kamba, hazimzuii kuona.

"Ile mashine ya kukaushia ni kahawia," akamwambia.

Jibu likatoka mle mle ndani ya shuka: "Kahawia? Shangazi, macho yako yameota kutu. Ni njano."

Wakabishana hadi saa ya chai.

Baadaye alimpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, hapa hapa hospitalini. Daktari akatueleza vizuri. Hali hiyo inaitwa sinesthesia: hisi moja inaamsha nyingine. Si ugonjwa. Watafiti wameiona zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine, na huenda mambo hayo mawili yana mizizi inayokaribiana kwenye ubongo, ingawa bado wanachunguza. Si kila mwenye usonji anayo, na wapo wengi walio nayo, kama Bi Pasi, wasio na usonji.

Maelezo hayo hayakuchukua hata nusu saa. Ofisi ilichukua miaka minne kukubali kuweka mlango mzito wa kuzuia kelele kwenye chumba cha kukunjia. Kila mara Bi Pasi alipanda ngazi kuomba, kila mara akateremka na neno "bajeti". Spika hazikuambiwa bajeti. Mlango ulipowekwa hatimaye, mdogo wangu alikunja humo akijiimbia, wimbo ambao rangi yake aliichagua mwenyewe. Homa ya mapafu ilimchukua mwaka jana.

Sasa ofisi imetangaza kwamba Bi Pasi akiondoka mlango utang'olewa na chumba kitakuwa stoo, kwa kuwa "mhusika hayupo tena". Mhusika! Mmemgeuza marehemu wangu kuwa kisingizio. Na yule dada mpya wa mashine, anayeziba masikio akisema kelele zina miiba, yeye si mtu? Hakuna aliyemuuliza.

Bi Pasi, ngazi hizo usizipande tena. Wakunjaji wote tumekubaliana: fundi akija Jumatatu na nyundo yake, atatukuta tumeketi ndani, mlango umefungwa, dada mpya yupo katikati yetu. Asante kwa yote, shangazi. Nenda ukalale mpaka jua lipande, siku zako ziwe za heri. Huku tuko wengi.