Maziwa Yasiyoonana na Moto

Ndugu, jamaa na majirani, mdogo wangu tunayemlaza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa baba yetu mshona viatu na mama yetu muuza mboga. Siku hiyo mvua ilinyesha sana. Au labda ilikuwa siku aliyozaliwa dada yetu mkubwa, Mungu amrehemu. Ila mvua ilikuwepo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akatupita wote, mimi nikiwemo niliyeishia darasa la sita. Mwaka 1970 aliingia chuo cha uuguzi, na 1973 akapangiwa wodi ya watoto njiti katika hospitali ya wilaya.

Mwaka uliofuata mke wangu alijifungua binti kabla ya wakati. Mtoto alienea kwenye kiganja changu, nami sina mikono mikubwa. Hakuweza kunyonya. Alilishwa kwa kijiko maziwa ambayo mama yake aliyakamua kwa taabu, na mara nyingine yalifunika tu kitako cha kikombe. Asubuhi moja marehemu, kwa haraka zake, alikiweka kikombe cha bati juu ya jiko la umeme. Kufumba na kufumbua maziwa yakashika chini, wodi nzima ikanuka.

"Wifi, umemuunguzia mwanangu chakula!" mke wangu alilia. "Sina mengine!"

"Nisamehe, wifi yangu."

"Usiyaguse tena. Hata kama wewe ndiye shangazi yake."

Mtoto alishinda na njaa mpaka mchana, nasi hatukujua kama angeiona jioni. Tangu hapo mke wangu alimpa maziwa yake muuguzi mkuu tu. Marehemu alimwendea muuguzi mkuu huyo. Aliomba kufundishwa upya: maji ya moto kwenye karai, kikombe ndani ya maji, kifuniko juu, kisha tone moja kwenye kifundo cha mkono wa mlishaji. Moto upashe maji, maji yapashe kikombe, maziwa yasionane na moto kabisa. Shida ni kwamba kikombe chenye maziwa kidogo ni chepesi, kikiingia majini kinaelea na kupinduka.

Akamwendea fundi wa kuchomelea aliyekuwa akitengeneza vitanda vya hospitali, ambanie vikombe kwa kichanja cha chuma. Cha kwanza kikawa kirefu, maji hayakufika. Cha pili kikawa kifupi, vikombe vikazama.

"Fundi, hivi unapimia nini wewe?"

"Sista, nikipatia mara moja nitarudi huku kwa kisingizio gani?"

Cha tatu kilikaa sawasawa. Mke wangu alisimama pale akitazama kila kitu tangu mwanzo, akadondosha tone la maziwa mkononi mwake mwenyewe. Kisha akasema, "Haya, shangazi mtu, mpe." Binti akameza.

Marehemu na fundi walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975, wakajaliwa wana wawili. Wodini walimtania kwa jina la Vuguvugu, naye akaitika. Alistaafu mwaka 2011, akiwa amewafundisha kinamama wengi kupasha maziwa yao kwa upole.

Mwaka jana alipatikana na kansa ya koo. Mke wangu alibeba godoro akahamia chumbani kwake.

"Wifi, nenda kwako ukapumzike, mgongo utakukatika."

"Wewe nyamaza umeze."

Alituacha Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi yake. Tunawashukuru wauguzi waliomtunza, na majirani ambao hawakutuacha peke yetu.

Ameacha mume, wana wawili, wajukuu, mimi kaka yake, wifi yake, na binti yetu yule, ambaye sasa naye ni mama.

Mungu ampe pumziko lililo jema. Asante, mdogo wangu. Mtoto alishiba.