Nguo Tatu za Manjano

Wamama wa maombi, Mungu wetu iko macho? Iko! Basi na nyinyi muamke. Wewe wa nyuma, weka simu chini, leo nasema mimi.

Nyinyi mnanijua, mimi mama ya cherehani hapa sokoni Arua. Lakini kazi yangu nyingine ni kutengeneza grupu ya muziki. Mnacheka? Mcheke tu. Nyimbo ya wasichana wangu ilipigwa kwa redio mpaka Koboko, na mimi shule niliacha darasa ya tatu!

Ilianza na kitambaa. Mteja aliagiza gauni, akapotea, manjano yake ikabaki kwangu. Nikashona nguo tatu sawasawa, nikavalisha wasichana watatu wa jirani. Kuwaona wamesimama pamoja, ndugu zangu, nawaambia, nikapiga makofi: hii ni grupu! Nikawapa jina, nikawafundisha kutembea. Hapo hata mmoja sijasikia anaimba.

Mimi nilichagua mtoto kwa tepu ya kupima.

Halafu akakuja sokoni msichana mmoja wa kule Ayivu, jina yake sitaji. Anauza muhogo kwa baiskeli. Anapanga muhogo, anaimba. Wamama! Mguu yangu ikaacha kukanyaga cherehani. Sauti ile, mutu anasahau njaa. Lakini mwili yake kubwa, kama mimi hivi, na kitambaa ilikuwa imeisha.

Mnajua nilifanya nini? Nikampeleka studio, nikaweka sauti yake kwa flashi, halafu nikasimamisha wale wembamba wafungue midomo tu.

Akaniuliza, "Mama, na mimi nasimama wapi?"

Nikamwambia, "Wewe, mwanangu, iko ndani ya spika."

Nilifikiri nimesema kitu ya akili sana. Yeye alichukua baiskeli yake, akaenda.

Tulitamba. Kisha tukaitwa arusi Koboko. Arusi ya kule mnaijua: shangazi ya bibi arusi lazima asikie jina yake ndani ya nyimbo. Shangazi akatoka, mama mkubwa, manukato inafika mbele yake. Akacheza mpaka kwa maiki. "Haya binti, niimbie! Taja mimi, taja mama yangu!"

Msichana wangu anafungua mdomo, flashi inaendelea na nyimbo yake ya mapenzi. Shangazi akangoja. Akamshika mkono. "Binti, mimi iko hapa. Unaimbia nani?"

Mtoto akafunga mdomo. Sauti ikaendelea kuimba.

Watu wakacheka mpaka viti ikaanguka. Shangazi hakucheka. Aliuliza, "Mwenye sauti iko wapi?" Mimi nikaangalia viatu yangu.

Kurudi Arua, wasichana wakipita sokoni watu wanasema, "Samaki wamekuja!" na kufungua midomo. Grupu ikakufa. Nikafunika cherehani na kitenge, nikaenda kukaa kwa dada yangu, kule Dadamu. Hapa kwa maombi sikukuja. Wawili kati yenu mlinifuata kule, mkachambua maharage na mimi, hamkuuliza kitu. Lakini mimi nachambua maharage, swali ya shangazi inanichambua mimi.

Siku moja nikapanda boda mpaka Ayivu. Nikamkuta anamenya muhogo. Nilipanga maneno mingi, si mnanijua! Yote ikapotea. Nikatoa tepu shingoni. "Mwanangu, simama nikupime."

Akaniangalia sana. "Kwa spika sirudi."

"Hapana. Wewe mbele."

"Na wale watatu?"

"Wanaweza kuimba?"

Akacheka. "Mama! Unaniuliza mimi leo? Mmoja anaweza. Wengine nitafundisha. Na wewe utasimama nyuma, utikise kibuyu."

Ndiyo maana mnaniona nyuma na kibuyu!

Juzi tulirudi Koboko. Hakuna mtu alituita. Yule msichana akasimama kwa mlango ya shangazi, bila spika, akaimba jina yake, na ya mama yake, na ya watoto wote. Shangazi akatoka, unga iko kwa mikono, machozi inashuka. Akaniangalia mimi. "Kumbe mwenye sauti ni huyu."

Asanteni nyinyi wawili wa maharage. Asante shangazi, aliuliza. Asante mtoto yule, alisimama nikampima, na sikustahili.

Nguo ya sasa nilianza na yake. Hizo zingine nikashona baadaye. Mukiona nguo imekataa kuingia mtoto, wamama, musimwambie mtoto atoke. Kosa ni ya fundi. Na fundi nilikuwa mimi.