Mwonja Karanga Anaaga Bila Masharubu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuonja karanga za kiwanda hiki, Mwonjaji Mkuu wetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwa desturi, wasifu wa anayeondoka huandikwa na mwenzake. Tatizo ni kwamba tangu jarida hili lianze, kila wasifu umeandikwa na yeye, na alipotafuta wa kumwandikia wake, watu wote waligundua ghafla kwamba wana kazi nyingi. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu hakuwa na budi. Wasifu huu umeandikwa na mstaafu mwenyewe, na sifa zote zilizomo zipunguzwe kwa nusu.

Aliingia hapa akiwa kijana mwembamba, akapangiwa meza ya kuchambua. Alitoa karanga zilizosinyaa, zilizogeuka rangi na zilizoota ukungu, kwa sababu ukungu huzaa sumukuvu, nayo huharibu ini polepole bila kupiga hodi. Hata ukiikaanga karanga yenyewe, sumu haiishi. Kazi hiyo aliiweza, hata wasiompenda wanakubali. Ndipo akapandishwa kuwa mwonjaji, na kitambi nacho kikaanza kupanda cheo.

Utaratibu wa mwonjaji ni kutafuna, kutema kwenye ndoo, kisha kusukutua. Ndoo ya mstaafu ilikaa safi kiasi kwamba mama wa usafi aliiomba akafulie. Mwenyewe alijitetea kwamba karanga ni dawa: zina protini, zina mafuta yasiyougombanisha moyo na mishipa, tena zinashibisha. Yote ni kweli. Alichosahau kuwaambia watu ni kwamba wataalamu wanazungumzia konzi moja kwa siku, bila chumvi, na yeye alikuwa anapima kwa bakuli. Daktari wa zahanati yetu alipompima shinikizo la damu alitikisa kichwa, akasema, "Mzee, karanga ni nzuri, ila wewe umezidisha huo uzuri." Mstaafu alimjibu kwa hotuba ndefu, huku anatafuna.

Halafu kulikuwa na masharubu. Vijana walimwita hivyo hivyo, Masharubu, na yeye alijifanya kukasirika. Aliyachana asubuhi na mchana, na aliwaambia wageni kwamba yanamsaidia kunusa. Hakuna aliyewahi kuthibitisha.

Miaka minne iliyopita binti yake alijifungua mtoto wa kike. Watu wa kiwanda hiki tunajijua: kwenye harusi karanga, msibani karanga, kwa mgonjwa karanga. Mjukuu alipotimiza mwaka, babu alimlambisha siagi yetu ya karanga kwa ncha ya kijiko, kwa fahari yote. Mtoto alivimba uso, akaanza kukosa pumzi, wakamkimbiza hospitali. Alipona, Mungu ni mwema, lakini daktari alisema ni mzio, na hata chembe inaweza kumuua.

Babu akaanza kuoga kiwandani kabla ya kutoka. Alibadili nguo na viatu. Hata hivyo, akimbusu tu mtoto, mtoto anavimba midomo. Nyumba nzima ilitafuta mchawi: ikalaumiwa sabuni, yakalaumiwa mashuka, akalaumiwa paka wa jirani. Siku moja mezani mkewe alimkazia macho, akaweka kijiko chini. "Baba watoto, na hayo masharubu huwa unayaosha?"

Alikuwa akiyafuta kwa kitambaa tu, asiyaharibu. Vumbi la karanga la zamu nzima lilikuwa linalala humo. Kesho yake alikuja kazini amenyoa, na mlinzi wa getini, aliyemsalimia miaka yote, akamzuia na kumwuliza anamtafuta nani.

Tangu hapo uvimbe umekoma, lakini hofu haijaisha. Kila jioni babu huingia kwa mlango wa uani na kwenda moja kwa moja bafuni, akaoge tena. Mjukuu hufungiwa chumbani hadi aitwe. Siku akichungulia, humwonyesha babu bafu kwa kidole kabla hata ya kumwamkia. Wote wanacheka, na babu anacheka kuliko wote, lakini inamuuma sana.

Uongozi umemwomba abaki kwa mkataba wa miaka miwili. Ameshukuru, akakataa. Meneja alidhani ni suala la mshahara. "Hapana, bosi," mstaafu alimwambia. "Nina mjukuu ambaye hajawahi hata siku moja kunipokea mlangoni."

Anawashukuru akina mama wa meza ya kuchambua, waliomfundisha kazi, na wakaangaji, waliovumilia mdomo wake. Mnaobaki, kuleni karanga, lakini kwa konzi. Yenye ukungu itupeni bila huruma. Mtoto wa mtu msimlambishe kitu kabla ya kuuliza. Na lile gunia la daraja la kwanza ambalo kila mstaafu huzawadiwa, tafadhali mgawane wenyewe.

Kwa kuwa hata hili mmemwachia, mstaafu anajitakia maisha mema, marefu na yenye chumvi kidogo. Mipango yake si mikubwa. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu atatoka kununua mkate ambao nyumbani hauhitajiki, kisha atarudi kwa mlango wa mbele, taratibu, ili mtoto apate muda wa kukimbilia mlangoni.