Mzee Funguo na Ukuta wa Dirishani

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mzee Funguo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, chini ya kilima chenye ngome, akiwa mtoto wa tatu wa mpishi wa wanajeshi. Alisoma hadi darasa la saba. Mwenyewe alikuwa akisema kuwa tarumbeta ya kambini ilimfundisha saa kabla mwalimu hajamfundisha kusoma.

Mwaka 1970 aliajiriwa ngomeni kupaka kuta chokaa. Mwaka 1974 alimuoa mama yetu, fundi cherehani, na mama anasimulia hadi leo kwamba bwana harusi alifika na chokaa masikioni.

Kikosi kilihama tarehe 2 Juni 1988. Mkuu wa kambi alimkabidhi baba funguo akamwambia, “Paka kila mwaka mpaka turudi.” Hawakurudi. Mabati yaling'oka, mizinga ikaliwa na kutu, mbuzi wakahamia bwaloni, na baba akaendelea kupaka, hata vyumba vya mahabusu ambavyo zamani alikatazwa kuingia. Mikwaruzo aliyoikuta kwenye kuta zake aliiona uchafu tu. Aliipaka mara kumi na nne.

Mwaka 2002 jirani yetu, mama muuza mkaa, alimfuata. Enzi za kikosi, mwanawe alipelekwa kule juu ngomeni na hakuonekana tena. “Mmoja aliyetoka hai ameniambia waliandika majina yao ukutani,” alisema. “Uliyaona, kaka?”

Jioni hiyo baba alisukuma sahani pembeni. “Nimewafuta, mama watoto,” alisema. “Kila mwaka, kwa mkono wangu.”

Tangu hapo alipanda kilima na kisu cha mezani, akikwangua tabaka moja baada ya jingine. Alipata majina thelathini na saba, na kila moja alilipeleka mwenyewe kwa jamaa wa mwenye jina, akasimama mlangoni mpaka akaribishwe au afukuzwe. La kijana wa jirani hakulipata.

Vumbi lilimharibu mapafu. Daktari alimkataza, naye akawa anatutoroka kama mtoro wa shule. Alifariki hospitalini tarehe 9 Agosti 2019, akiwa na miaka sitini na minane. Neno lake la mwisho kwa binti yake mkubwa, anayesoma wasifu huu, lilikuwa, “Bado ukuta wa dirishani.”

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Shangazi muuza mkaa, tunakuona ulipoketi. Kisu kiko kwetu. Jumatatu tunapanda, na ukiweza, twende wote.

Baba, pumzika sasa kwa amani. Tutaendelea ulipoishia.