Mto wa Sufi Nilioubeba Kila Mahali

Wapendwa, tangu nilipoombwa kusimama hapa mbele ya kanisa kutoa shukrani nimeandaa hotuba nyingi kichwani na kuzitupa zote. Ninyi mnanijua. Mimi ni mtu wa kuwaza hata nikichagua upande wa barabara wa kutembea. Basi leo sitahutubia. Nitasimulia tu, na nikizunguka sana, akina mama wa kwaya mna ruhusa ya kuanzisha wimbo.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: je, kama kipimo kilikosea?

Nilikuwa nimepimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Nikaambiwa sina. Mtu mwingine angerudi nyumbani akachinja kuku. Mimi nilirudi nikalala chali nikiwaza: pale dirishani pa maabara vikopo vilikuwa vimepangwa bega kwa bega. Kama changu kilibadilishana na cha jirani? Nikaenda kupimwa tena. Sina. Nikawaza: labda ugonjwa wenyewe ulikuwa umejificha siku hiyo. Ndugu zangu, nawaambia, elimu ni kitu kizuri, lakini ikikutana na hofu huzaa maswali kuliko panya.

Shida yenyewe ilianza zamani, nilipokuwa shule ya bweni. Kila asubuhi niliamka koo limejaa ute mzito, kana kwamba mtu ameupika usiku akanimiminia. Nikiumeza, unarudi. Nikiutema, mwingine unateremka. Mchana kutwa nilikuwa mtu wa kukohoa kidogo na kusafisha koo: hm, hm. Usiku ndiyo usiseme.

Nilipokuwa chuo kikuu kule Dar es Salaam nililaumu joto na unyevu wa pwani. Nilipopangiwa kufundisha Same nikalaumu vumbi, maana mnalijua vumbi la Same, linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Likizo nikipanda huku kwetu milimani nipumue hewa safi, koo linazidi, basi nalaumu baridi na ukungu wa msituni. Kila mahali nilipata mshitakiwa mpya.

Jioni nilikuwa nafundisha darasa la elimu ya watu wazima katika kijiji cha ujamaa kule bondeni. Wanafunzi wangu ni watu wa kila kabila waliotoka mashamba ya mkonge, watu wazima wenye wajukuu, na hawana huruma. Nikianza tu hm, hm, mmoja anainua mkono.

"Mwalimu, trekta la kijiji limekataa kuwaka tena?"

"Lisukumeni," anajibu mwingine kutoka nyuma, "liko mteremkoni."

Darasa zima linacheka. Nami nacheka nao, lakini nikirudi chumbani sicheki.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonivunja ni posa.

Nilikuwa nimempata msichana. Simtaji jina, yupo humu ndani, amejificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Wazee wangu wakapeleka habari kwao, tukaalikwa. Nyumba yao iko juu kabisa, mahali ambapo hata mwezi wa jua kali watu huvaa sweta. Na kwa heshima yetu sisi watu wa milimani, mgeni mkubwa huketishwa wapi? Karibu na moto. Nikapewa kigoda pembeni ya mafiga, kuni mbichi zinafuka, moshi unanijia usoni moja kwa moja. Ningewezaje kuhama? Kuhama ni kuikataa heshima. Nikakaa. Machozi yakanitoka, pua ikaziba, koo likajaa. Nikaulizwa jambo dogo tu, nafanya kazi gani. Nikajibu: "Mimi ni hm, hm, mwa, hm, mwalimu."

Mnajua desturi yetu. Kabla binti hajatolewa, ukoo unachunguza: kwao kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna kifua? Mjomba wa binti ndiye aliyekuwa msemaji. Alinisikiliza nikihangaika na neno mwalimu, akamgeukia baba yangu mdogo.

"Ndugu yangu, kijana hatumkatai. Ana adabu na ana kazi. Tunachokataa ni hicho kifua. Mrudisheni akatibiwe. Akipona, njia mnaijua."

Tukashuka mlima.

Kuanzia siku ile nikawa mwanafunzi wa kila mtaalamu. Nikanywa tangawizi, asali, majani machungu ambayo hata mbuzi huyapita. Mzee mmoja jirani akanionea huruma akanipa ugoro. "Vuta, kijana, utafungua pua." Ilifunguka, ndiyo, ikabaki wazi kama bomba lililovunjika.

Kisha nikakumbuka jambo moja. Nilipomaliza chuo, kabla ya kuanza kazi, nilikwenda kambi ya jeshi kwa mafunzo ya taifa kama wasomi wote. Kule kambini sikuumwa koo hata kidogo! Nikawaza sana nikapata jibu: ni zile mbio za alfajiri. Basi nikaanza kukimbia. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, mwalimu na bukta yake katika barabara ya Same. Akina mama wanaokwenda sokoni wanasimama na mizigo kichwani.

"Mwalimu, unamfukuza nani?"

"Nafukuza makohozi, mama!"

"Mbona yanakuja na wewe?"

Walikuwa wanatania. Lakini mkisikiliza vizuri, hilo ndilo lilikuwa jibu lenyewe, nami nilikuwa nalipita mbio.

Mwisho nikapanda hadi hospitali ya misheni huku juu. Bwana Mganga aliyenipokea ni mtu mzima, mpole, mwenye kuuliza maswali kama mtu anayechambua kunde. Akaniangalia koo kwa tochi, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akaangalia pua.

"Kifua chako ni kizima," akasema.

"Una hakika? Maana nilikuwa nawaza, labda kile kikopo—"

"Mwalimu, tulia. Kwenu mna ndiva?"

Nikashangaa. Nani hapa kwetu hana ndiva? Bwawa la kuhifadhia maji juu ya mlima, mnalifungua asubuhi, maji yanafuata mfereji hadi mashambani.

"Basi," akasema, "ukikuta mahindi yako ya chini yamezama majini, utachimba shamba?"

"Hapana. Nitapanda juu niangalie ndiva."

"Wewe miaka yote unachimba shamba. Ute huu hautoki kifuani. Unatengenezwa puani, unateremka nyuma ya koo, hasa ukilala. Pua yako inakasirishwa na kitu, inamwaga maji. Ugoro umeongeza hasira. Moshi unaongeza. Tutafute na hicho kingine."

Hapo akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza mimi mwenyewe na shahada yangu. Mimi siku zote nilijiuliza ninaumwa wapi. Yeye akauliza, "Ulikuwa mzima wapi?"

Nikamweleza habari za kambini na zile mbio. Akatikisa kichwa.

"Mbio unazo hata sasa na bado unaumwa. Kambini hukuwa na nini?"

Nikawaza. Moshi wa jikoni haukuwepo kwenye bweni letu. Lakini hata chumbani kwangu Same hakuna moshi, na naamka nimejaa. Kitu gani kilikuwepo Dar, kipo Same, kinapanda nami hadi huku, na kambini hakikuwepo?

Ndugu zangu, nikakiona. Mto.

Siku nilipoondoka kwenda shule ya bweni, mama alinishonea mto wa sufi. Sufi yenyewe alishuka kuichuma bondeni kwa ndugu zake, akaichambua kwa mikono yake. Tangu hapo mto huo sijauacha. Chuo nilikwenda nao. Kazini nilikwenda nao. Likizo naurudisha, na mama, kwa upendo wake, anaupandisha darini juu ya mafiga, pale tunapokaushia mahindi na mbegu za maharage, ili moshi uue kunguni. Kisha naondoka nao tena ukinuka nyumbani. Nilipofika langoni kambini nao kwapani, afande aliutazama, akanitazama.

"Mto? Kumbe umekuja kulala?"

Wenzangu wakacheka hadi wakakaa chini. Mto ukarudishwa nyumbani siku ileile na jamaa aliyenisindikiza.

Nilipomaliza kusimulia, Bwana Mganga alikuwa anatabasamu.

"Sufi iliyozeeka ni vumbi, mwalimu. Na wewe umeiongezea masizi na unga wa fukusi wa mahindi. Kila usiku unaweka pua yako humo."

Akanipa maelekezo. Mto niufunge kwenye gunia, nisiulalie. Nikunje blanketi lililofuliwa na kuanikwa juani, niweke chini ya kichwa, kichwa kiinuke kidogo. Ugoro niache. Nikae mbali na moshi. Asubuhi na jioni nioshe pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Na makande ya jioni nile mapema, nisiyapeleke kitandani yakiwa bado yanapanda kooni, kwa kuwa nayo yana mchango wake.

Sitawadanganya, sikupona kesho yake. Kuosha pua mara ya kwanza nilidhani nimezama mtoni. Lakini siku zilivyosogea, ute ukapungua, ukawa mwepesi. Asubuhi moja nikaamka nikasema, "Habari za asubuhi," peke yangu chumbani, na sauti ikatoka safi kama ya mtu mwingine. Nikageuka kuangalia nani amesema.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nikaanza: je, kama ni msimu tu umebadilika? Nikautoa mto kwenye gunia, nikaulalia tena. Kulipokucha nilikuwa trekta. Ndugu zangu, sijawahi kufurahia ugonjwa kama siku ile! Nilikuwa nimemkamata mwizi, mkono ndani ya ghala.

Lakini ikabaki kazi ngumu kuliko zote. Nitamwambiaje mama? Niseme mto umeibiwa kwenye basi? Niseme nimempa maskini? Niliupandisha mlima ule mto ndani ya gunia nikiwa na uongo wa kila aina, wote umepangwa vizuri. Nilipomkuta jikoni anachambua maharage, uongo wote ukanikauka mdomoni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelibeba hilo gunia kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani?"

Nikamwambia ukweli. Wote. Alipoona nimemaliza, akauchukua mto, akachukua kisu, akafumua mshono aliouweka mwenyewe. Sufi ikamwagika imekuwa kahawia, na vumbi likapanda. Mama akapiga chafya. Akapiga nyingine. Akatoka nje mbio akipunga kanga, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mwanangu! Umelalia hii? Na ukanyamaza?"

"Niliogopa kukuumiza, mama. Uliushona kwa mkono wako."

"Niliushona upumzike. Kama hupumziki, huo si mto, ni mzigo. Tupa."

Akaifua ile foronya, akaianika juani. Sasa blanketi langu linakunjwa ndani yake. Kwa hiyo bado nalalia mkono wa mama, ila bila vumbi.

Wapendwa, nawashukuru. Namshukuru Mungu aliyenipa subira, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nayo. Namshukuru Bwana Mganga, na wanafunzi wangu wa bondeni walionicheka bila kunikimbia. Na wewe mama, uliyekaa pale mbele, asante kwa kisu kile. Kama nina neno la kuwaachia, ni hili: mwenye shida ya muda mrefu asiulize tu inamuuma wapi. Aulize alikuwa mzima wapi, na siku ile hakuwa na nini. Na akikuta kilichomuumiza kililetwa na anayempenda, aseme. Anayekupenda hataki uugue kwa heshima yake.

Sasa nimalizie na ya Jumamosi iliyopita, maana najua wengi mmekuja kusikia hayo.

Tulirudi kwa wakwe. Nyumba ileile, mjomba yuleyule, na kigoda kilekile pembeni ya mafiga, kuni zinafuka.

"Karibu, mwalimu. Mgeni akae motoni."

Baba mdogo akanisukuma kidogo kwa kiwiko. Nikakitazama kile kigoda. Mnanijua, nilianza kuwaza: nikikaa nitaharibu, nikikataa nitaharibu. Kisha nikakumbuka mama anavyocheka ameshika ukuta. Nikakiinua kigoda.

"Shikamoo, mjomba. Nashukuru kwa heshima hii. Kifua changu ni kizima, nimepimwa. Ila pua yangu haipatani na moshi. Naomba nikae mlangoni."

"Mlangoni?" mjomba akasema. "Mkwe gani anakaa mlangoni kama mdai?"

"Mkwe anayetaka msikie anachosema."

Nikaenda nikakaa. Nikaeleza mimi ni nani, nafanya kazi gani, na nimekuja kumwomba nani, tangu mwanzo hadi mwisho, bila hm hata moja. Nilipomaliza, mjomba alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Nikadhani analia. Akasimama, akabeba kigoda chake, akaja kukiweka kando ya changu, pale penye hewa.

"Moshi huu umenitoa machozi tangu utotoni," akasema. "Siku zote nilidhani ndiyo adabu."

Kisha akageuka akaita ndani kwa sauti kubwa: "Mleteni binti. Tupange siku."