Pikapu ya Cheche na Pumba

Benchi letu liko pale barabara mbili zinapokutana, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye kivuli cha ukuta kinachoanza alasiri na kwisha na jua. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na makalio ya watu yameulainisha kuliko randa. Mimi ni fundi viatu. Meza yangu iko kichwani mwa benchi, kwa hiyo nasikia yote, hata yale ambayo hakuna aliyenikusudia. Shangazi anauza kahawa mbele yangu. Upande wa ukutani hukaa Gia Tano, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamgomea, na karibu yake Profesa, fundi redio, ambaye shule aliionea dirishani lakini methali zote anazijua, isipokuwa maana zake. Jumatano hiyo, mbele yetu kabisa, ilikuwa imesimama pikapu ya buluu iliyopauka mpaka ikafanana na jivu, na haikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Pikapu hiyo waliachiwa na baba yao, Cheche na Pumba. Cheche ndiye mkubwa, mchomeleaji wa mageti. Pumba ni mdogo wake, anauza chakula cha mifugo. Walirushiana maneno msibani, juu ya nani alimuuguza mzee zaidi, na tangu siku hiyo hawasemezani. Lakini mzee aliusia gari lisiuzwe kwa hasira, basi wakagawana siku. Mwanzo wa wiki la Cheche, mwisho wa wiki la Pumba. Kila Jumatano jioni Cheche huweka ufunguo juu ya meza yangu na kwenda zake. Baadaye Pumba huja akauchukua. Salamu zao nazipokea mimi, na kwangu zinaishia.

Jumatano hiyo gia ziligoma hapa hapa mbele ya benchi. Pumba alipofuata ufunguo, akamkuta kaka yake bado yupo. Akasita, kisha akakaa mwisho wa ubao. Cheche alikuwa mwisho wa pili. Katikati, kama mpaka wa shamba, Gia Tano na Profesa.

— Mwambieni huyo — alianza Cheche, macho kwenye kikombe — giaboksi imekufa.

Gia Tano akageuza shingo kwa Pumba, kana kwamba Pumba hana masikio.

— Unaambiwa giaboksi imekufa.

— Mwambieni nimesikia. Muulizeni, fundi kaifungua, au kaizika yeye mwenyewe?

— Mwambieni fundi alikuwa hapa sasa hivi. Na si giaboksi tu. Kalala chini akaichungulia, chesisi yote imeliwa na kutu.

— Unaambiwa kutu.

— Kutu nimeisikia, Gia Tano! Anataka nini?

Cheche akamimina mashapo ya kahawa chini, akayatazama yakinywewa na vumbi.

— Mwambieni tuiuze kwa watu wa vyuma chakavu. Kila mtu achukue nusu yake, akatafute gari lake.

Hapo nikaacha kugonga kisigino. Kila mtu gari lake. Maana yake hakuna tena Jumatano, hakuna ufunguo, hakuna kufuata chochote alichogusa mwenzako. Ndugu wawili ndani ya mtaa mmoja, wasionane mpaka msiba mwingine.

— Mwambieni siuzi — alisema Pumba.

Profesa akakohoa. Tukajua yanakuja.

— Mnajua kwa nini giaboksi imekufa? Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Tembo na giaboksi wapi na wapi? — akauliza Shangazi.

— Oili ile imeingia maji! Gari limesifiwa mno mtaani hapa, mpaka likajisahau.

— Wewe kaa kimya — Gia Tano akamkata. — Mimi nimeendesha malori, nakupa siri. Chuma kina kumbukumbu. Kinamjua aliyekifundisha. Hiyo klachi ilimjua mzee. Sasa huyu anaikanyaga kwa hasira siku tatu, yule anaikanyaga kwa majonzi siku nne. Gari limechanganyikiwa. Halijui leo limenuniwa au linaliliwa.

— Kwa hiyo lipelekwe kwa daktari wa vichwa?

— Cheka tu, Shangazi. Na hayo magari mapya ndiyo mabaya zaidi. Bodi zake zimetengenezwa kwa masufuria yaliyoyeyushwa. Ukilianika juani, kufika adhuhuri linanuka wali.

Profesa hakukubali kushindwa.

— Mapya yana kidude ndani ya dashibodi. Kinasikiliza. Ukimwambia mkeo uko kazini, gari lenyewe linakohoa. Ndiyo maana nasema, msitupe hili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hili halisikii la mtu, kwa hiyo lina miguu yake yote minne.

Hata Cheche midomo ilimcheza kidogo, akaificha ndani ya kikombe.

Shangazi hakucheka. Alikuwa anaitazama pikapu. Akafuta mikono kwenye kanga.

— Mimi nilipelekwa harusini na hili gari. Gari la harusi lilikwama huko, watu wanatazamana, mama yangu anataka kuzimia. Baba yenu akaleta hili. Limeoshwa, lakini harufu ya mbolea bado. Akaniweka mbele, shangazi zangu nyuma wanaimba. Na akaenda polepole, jamani! Watu wa miguu wakatupita. Nikamwambia, mzee, tutachelewa. Akasema, bibi harusi hapelekwi mbio, mwanangu, majirani watasema ameibwa.

— Ndivyo alivyokuwa — akasema Gia Tano.

— Na alipofika akapiga ile honi yake. Mara mbili fupi, moja ndefu.

— Moja ndefu kwanza — walisema Cheche na Pumba kwa pamoja.

Wakatazama chini, kila mmoja miguu yake.

Shangazi akawajazia vikombe bila kuulizwa. Birika lilikuwa limeinama sana mkononi mwake. Kahawa ilikuwa inaelekea mwisho.

— Mwambieni — Pumba akasema, akiweka kikombe chini. — Mwambieni hivi. Safari za mwisho za mzee, za kliniki, zilikuwa humu. Siku nyingine alimpeleka yeye. Siku nyingine nilimpeleka mimi. Kiti ni kile kile. Sasa anaposema tuuze nusu nusu, muulizeni, nusu ipi ni ya nani?

Gia Tano alifungua kinywa aupeleke ujumbe, ukamshinda.

Cheche aliinuka nusu, tukadhani anaondoka. Kumbe alikuwa anaielekezea kidole bampa ya mbele, upande wa kushoto, palipobonyea kama bakuli.

— Mwambieni na lile bonde ni kazi yake.

— Kazi yangu?! — Pumba akaruka. — Mwambieni mimi miguu yangu haikufika chini! Nilishika usukani tu. Aliyekuwa amechuchumaa huko chini anakanyaga pedali kwa mikono ni yeye!

— Haya, unaambiwa pedali… — Gia Tano alianza.

— Mwambieni aliyekuwa anaona njia ni yeye! Mimi huko chini nilikuwa naona nini? Vumbi na ndala za baba. Kazi yake ilikuwa kuniambia!

— Mwambieni nilimwambia! Nilisema breki!

Cheche akamgeukia mzima mzima.

— Hukusema breki! Ulisema "mama!"

— Nilisema mama kwa sababu mama alikuwa amesimama getini na ndoo!

— Sasa "mama" ni pedali ipi?

Gia Tano alikuwa bado ameinua mkono wa kupeleka ujumbe. Akaushusha taratibu. Profesa alikuwa ameshavuta pumzi atie neno. Shangazi akamziba mdomo kwa kikombe.

— Kama ungesema breki, ningejua — Cheche akaendelea, anamwambia mdogo wake usoni. — Wewe unapiga kelele mama, mama, mimi nikafikiri umeanza kulia, nikaongeza mafuta tufike upesi.

— Ndoo ikapaa!

— Ikatua juu ya banda la kuku.

— Kuku hawakutaga wiki nzima.

— Na mama na kanga yake juu ya ukuta! Mpaka leo sijui aliupandaje!

Pumba alicheka mpaka akashika ubao. Cheche anacheka kimya kimya, mabega tu, kama alivyocheka baba yao. Nasi tukacheka, na mimi nilikuwa nafuta macho kwa kipande cha ngozi.

— Baba hakutupiga — Cheche akasema, kicheko kikimwishia.

— Hakutupiga. Alilizunguka gari. Akauliza, nani alikuwa anaendesha?

— Sote tukasema mimi.

Ndipo akaja mama mmoja tusiyemjua, amembeba mtoto mgongoni, uso una vumbi la kuhama nyumba. Alikuwa ametoka dukani, wamemwelekeza kwetu.

— Samahanini, jamani. Nimeambiwa hapa kuna pikapu ya kukodi. Nina kitanda, kabati na jiko, si vingi. Mwenye gari ni nani?

Swali dogo namna hiyo. Siku zote anayeuliza tunamjibu kwa kumuuliza, unalitaka siku gani? Lakini hii ilikuwa Jumatano, jua linashuka, siku za mmoja zimekwisha na za mwingine hazijaanza, na ufunguo uko mezani kwangu, karibu na nyundo. Gia Tano akamtazama Profesa. Profesa akanitazama mimi. Nikatazama kiatu.

Mama wa watu akadhani amekosea adabu.

— Au haikodishwi?

— Inakodishwa — akasema Pumba. Akasubiri. — Ila imeharibika.

— Haiponi?

Pumba akamtazama kaka yake.

Shangazi, aliyekuwa anakung'uta birika tupu, akasema bila kuinua kichwa:

— Mchomeleaji mzima anatuambia chuma hakichomeleki. Mimi nikasema ngoja ninyamaze, labda kazi siku hizi zimebadilika.

Cheche alikwenda kwenye pikapu. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini, akaugonga ule upau wa chesisi kwa kifundo cha kidole. Akasogea, akagonga tena. Alikaa hapo muda, sikio limelala karibu na tairi, na sisi tukamtazama mgongo. Aliporudi, kiganja chake kilikuwa chekundu kwa kutu, akakipangusa kwenye suruali.

— Imeliwa mahali pawili — alisema. — Kwingine bado.

— Bado nini?

— Kutu haijafika. Kwingine chuma ni kizima. Baba alikuwa anaipaka oili chafu kila mwaka, umesahau?

— Sijasahau. Alikuwa ananilaza chini mimi.

— Giaboksi ndiyo kazi. Giaboksi sina.

— Kuna jamaa ananunua pumba kwangu, ana gari kama hili limelala nyumbani kwake, kuku wamelifanya kiota. Nitamuuliza.

— Muulize.

Yule mama alikuwa bado amesimama, anambembeleza mtoto kwa kuyumba. Pumba akamwambia vitu vyake vitabebwa kesho kwa mkokoteni wa dukani kwake, asiwe na wasiwasi. Gari lisisubiriwe. Mama akashukuru, akaenda.

Jua lilikuwa limeshazama na kivuli chetu kuisha. Shangazi akafunika mkaa majivu. Cheche akatoa fulana yake kwenye msumari, akaivaa, akasita kidogo kama mtu aliyesahau kitu.

— Lile bati la kuziba chini ni zito — alisema. — Siwezi kulishika na kuchomelea peke yangu.

— Kesho nina mzigo — akasema Pumba.

— Kesho kutwa.

— Kesho kutwa nipo, kaka.

Cheche akaitikia kwa kichwa, akashika njia ya kwake. Alipofika kwenye kona akageuka.

— Uje na miwani ya kukinga macho. Safari hii usije ukanililia "mama".