Koti la Mzee Ambler

Benchi letu liko pale kona, njia ya vishamba vya Hebble Bank inapokutana na barabara ya mawe inayoteremka mjini Halifax, Uingereza. Zamani lilikuwa kiti cha kanisani, kwa hiyo ukilikalia mgongo unanyooka hata kama maneno yako yamepinda. Hatua ishirini mbele yetu ni kishamba cha Mzee Ambler, na katikati yake umesimama mkangaga wake wa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, mmea wenye shina nene la kimo cha mtu, umevaa koti. Koti la kweli, zito, la sufu, alilopewa enzi anakata tiketi kwenye mabasi. Kila Novemba huuvisha mmea huo, hushindilia majani makavu kwenye kola, hufunga vifungo mpaka juu, kisha hupitisha baridi nzima na sweta tu. "Mimi nina nyumba," husema. "Wenyewe hauna." Ameugeuza uso kusini, kwao, ndiyo maana sisi wa benchini huuona mgongo tu. Na kila majira ya machipuo, siku moja asiyoitangaza, hulivua koti na kulivaa yeye. Ukimwona Mzee Ambler ndani ya koti, ujue sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha umande, imekwisha. Hebble Bank nzima hutoa nje migomba na mitende iliyofichwa ndani tangu vuli. Mwaka huu Mei ilishaingia, Mzee yuko hospitali tangu Februari kwa ajili ya kifua, na koti lilikuwa bado juu ya mmea.

— Nyuzijoto mbili alfajiri, alisema Bi Enid, tunayemwita Kipimajoto kwa sababu ana daftari la joto la kila asubuhi, miaka thelathini bila kukosa. Mgomba wangu umo kwenye beseni la kuogea tangu Novemba. Naenda kuoga kwa dada yangu.

— Afadhali wewe, akajibu Barafu. Mimi nalala na mtende. Nikijigeuza unanichoma. Mke wangu kahamia chumba cha wageni.

Barafu aliendesha gari la maziwa, na tangu sakitu ya Juni moja imuulie mgomba hajaiamini tena mbingu.

— Kahama kwa ajili ya mtende, au alikuwa anatafuta sababu? akauliza Kapteni.

— Nyamaza, mpishi.

Ni kweli. Kapteni hajawahi kuwa kapteni, alipika melini. Mimi wananiita Mchovya, kwa sababu ya biskuti. Siku hiyo chupa ya kahawa ilikuwa mikononi mwangu, nikamimina raundi ya pili.

— Tuitoe tu mimea, jamani, nikasema. Mei hii.

— Toa wewe, alisema Barafu. Koti limevuliwa?

Tukalitazama. Lilikuwa limetugeuzia mgongo.

— Jana nilikwenda kumwona, Kapteni akasema. Kaniuliza, "Koti bado?" Nikamwambia bado, Mzee. Akafumba macho. Mkono wake sasa mwepesi, ungedhani umeshika jani.

Ndipo Barafu akauliza lile swali tulilokuwa tunalizunguka wiki nzima.

— Hivi, yule mzee hujuaje?

— Goti, alisema Kapteni. Goti la kushoto. Lilibanwa na mlango wa basi. Sakitu ikiwa njiani, linalia.

— Goti langu nalo linalia, akasema Bi Enid, na halijawahi kutabiri kitu zaidi ya ngazi. Mimi nimeandika siku zote za koti. Mwaka mmoja Aprili ishirini na sita, mwaka mwingine Mei kumi na tisa. Nimelinganisha na joto, na mvua, na mwezi. Hazifuati chochote!

— Kwa sababu unapima hewa, mama yangu. Baridi haikai hewani. Barafu aliinama mbele. Baridi inatiririka. Usiku inashuka mlimani kama maji, inafika kwenye geti la Ambler, inalala. Nimemwona kwa macho yangu amesimama getini asubuhi bila viatu. Anaikanyaga. Anajua imelala kiasi gani.

— Alikuwa anatafuta kiatu chake, alisema Bi Enid. Mbweha kakichukua.

— Ndivyo alivyokuambia wewe!

— Hamjui mnachosema, Kapteni alisema, na sauti yake ikashuka. Mimi nimefika Tasmania. Mikangaga kama ule imejaa bonde zima, mirefu kama nguzo za umeme. Ukiingia chini yake unasema kwa kunong'ona, na hakuna aliyekuambia unong'one. Ule mmea unakumbuka kwao. Kwao misimu ni kinyume cha hapa, sasa hivi baridi inaingia. Nasema ndugu zake huko wakianza kutetemeka, huu wa hapa unapata habari. Mzee anauwekea sikio tu.

Siku nyingine tungemcheka. Bi Enid alifungua daftari, akalifunga.

Wakati huo Rukhsana akaja na sahani ya bajia. Amekodi kishamba jirani na cha Mzee tangu Machi, analima giligilani na mchicha. Alitusikiliza huku tunakula.

— Samahanini, wazee wangu. Kwani mwenyewe mmemuuliza?

Barafu alitazama viatu vyake. Kapteni alipuliza kahawa iliyokwishapoa. Tumekwenda hospitali kila Jumapili kwa zamu, tumempelekea magazeti, tumezungumza mpira. Kumuuliza anajuaje ni kumwambia tunataka kujua kabla hajaondoka. Nani angeanza?

Rukhsana alituona, akaliacha.

— Basi niulize swali jingine dogo. Hiki ni cha nani?

Alitoa mfukoni kifungo cha kahawia, kikubwa, kimebaki na nyuzi mbili.

— Nimekiokota leo pale chini ya mkangaga, upande wake wa mbele.

Bi Enid alikipokea, akakigeuza.

— Huu uzi ni wangu, alisema. Kifungo cha juu. Kila Juni Mzee ananiletea koti nimshonee hichohicho. Kila Juni namgombeza, mzee wewe, shingo yako ina nini? Yeye anacheka.

Aliinuka kabla yetu. Tukavuka hatua zile ishirini, tukauzunguka mmea, na kwa mara ya kwanza mwaka huo tukasimama mbele yake.

Kola ilikuwa imeachana. Majani makavu yalikuwa yamesukumwa pembeni, na katikati yake yalisimama machipukizi saba yaliyojikunja kama ngumi za mtoto mchanga, yana manyoya ya dhahabu yenye umande. Moja lilikuwa limeanza kukunjuka. Ndani ya mkunjo niliona kijani ambacho sijui kukieleza, kijani kisichojua kwamba kulikuwa na baridi. Mmea usio na mkono wala jicho ulikuwa umesimama gizani ndani ya sufu miezi sita, na siku yake ilipofika ukajifungua kifungo.

Kapteni alivua kofia.

— Ndiyo hiyo, akanong'ona Bi Enid. Mzee alikuwa anausubiri mmea wenyewe. Basi. Miaka yote hiyo, na mimi naandika joto.

— Hakuna sakitu tena, alisema Barafu. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Akafungua vifungo vilivyobaki, taratibu, kama anayemvua nguo mtu aliyelala. Koti likaja mikononi mwake, bado na joto la jua. Mlimani, kwenye vishamba vya juu, watu walikuwa wamesimama wanatutazama.

— Sasa, aliuliza Rukhsana, nani atalivaa?

Barafu alimtazama Kapteni. Kapteni alinitazama mimi. Mimi niliinamisha chupa juu ya kikombe. Likatoka tone moja.

Bi Enid alikitia kifungo kwenye mfuko wa koti.

— Hospitali wageni wanaruhusiwa kuanzia saa nane, alisema. Barafu, kawashe gari. Na mtu asikishone hicho kifungo. Mzee akione mwenyewe.